Kompyuta haikioni kifaa: kusaka tatizo la USB na butiloda ukiwa Mofu

Tuseme uko Mofu, na boksi lako la vipimo liko mbele yako. Umelifunga kwenye nguzo pembeni ya majaruba ya mpunga tangu kiangazi. Ndani kuna Arduino Nano, kipima joto, kipima kina cha maji, saa ndogo yenye betri ya kidonge, na moduli ya kadi ya SD inayotunza vipimo vyote. Umekuja kwa jambo dogo tu: boksi linaandika kila dakika 10, wewe unataka liandike kila saa ili betri ivuke masika. Mstari mmoja wa programu. Unachomeka waya kwenye laptopu, unabonyeza kupakia, na skrini inakujaa maandishi mekundu.

Kwa aliye Dar es Salaam huo ni usumbufu wa mchana mmoja. Kwa Mofu ni hesabu nyingine kabisa. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko, eneo oevu lililoingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002, na kuanzia Machi hadi Mei maji ndo mwenyeji, watu ni wageni. Ukisema urudi Ifakara kutafuta kibao kingine, na Ifakara uambiwe usubiri mzigo wa basi kutoka Dar, unaweza kurudi ukaikuta nguzo yako iko katikati ya ziwa. Msimu wa vipimo umekwenda hivyo. Na ukikorofisha vibaya, unaweza kupoteza hata vile vya miezi iliyopita ambavyo tayari unavyo.

Kwa hiyo hapa hatubahatishi. Na kabla ya yote: zima umeme wa boksi, toa kadi ya SD, nakili mafaili yake kwenye laptopu, kisha iweke kadi mfukoni mpaka kazi iishe. Sababu yake utaiona mbele.

Watu wengi wakikwama husema "USB imegoma". Kauli hiyo haimsaidii fundi, kwa sababu kati ya laptopu yako na ile chipu kuna mazungumzo kadhaa tofauti, na kila moja linaweza kukatika peke yake. Laptopu inazungumza na chipu ya USB iliyo kwenye kibao. Draiva inaipa laptopu lugha ya kuongea na chipu hiyo. Chipu ya USB inapitisha maneno kwa maikrokontrola yenyewe, ATmega328P. Na ndani ya maikrokontrola kuna programu ndogo inayoitwa butiloda, ambayo ndo inapokea programu yako mpya na kuiandika. Ujumbe wa kosa unaouona unakuambia mazungumzo yamefika wapi kabla ya kukatika. Ukiusoma vizuri, umeshaokoa nusu saa.

Butiloda ni nini hasa? Nano ina kumbukumbu ya kilobaiti 32 kwa ajili ya programu. Mwishoni kabisa mwa nafasi hiyo kuna kijiprogramu kilichowekwa na mtengenezaji. Kibao kikiwashwa au kikiriseti, kijiprogramu hiki huamka kwanza, husikiliza kwa muda mfupi kama kuna mtu anataka kupakia programu mpya, na kisiposikia kitu hukabidhi kazi kwa programu yako. Ni kama mlinzi wa getini anayechungulia nje kidogo kisha anarudi kulala. Ukichelewa kubisha, humpati. Ukibisha kwa lugha asiyoijua, hakufungulii.

Haya, tuanze na waya, maana ndipo tunapopoteza muda mwingi kuliko panapostahili. Nano nyingi za bei nafuu zinatumia tundu la USB la zamani, lile dogo nene la spika za mkononi na kamera za zamani. Waya wa aina hiyo utaupata dukani, lakini mara nyingi ni wa kuchajia tu: ndani una nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, za umeme. Zile mbili za data, kwa kawaida ya kijani na nyeupe, hazimo kabisa. Taa ya kibao itawaka vizuri, utafurahi, na kompyuta haitaona chochote. Waya wa namna hii ni mwongo, na ndo maana tunasema taa kuwaka sio ushahidi wa lolote zaidi ya umeme kufika.

Ushahidi ni kompyuta kutambua. Kwenye Linux andika lsusb kabla ya kuchomeka, kisha uandike tena baada ya kuchomeka. Kuna mstari mpya? Kwenye Windows fungua Device Manager na uitazame wakati unachomeka, orodha imecheza? Nano nyingi za kichina zina chipu ya USB iitwayo CH340, na kwenye lsusb itajitambulisha kwa namba 1a86:7523. Ukiiona namba hiyo, waya ni mzima, tundu ni zima, na chipu ya USB iko hai. Usirudi tena nyuma kubadilisha waya kwa wasiwasi.

Kama hakuna mstari mpya hata kidogo, badilisha waya, kisha tundu, na uache hab ya USB pembeni. Ikishindikana, chungulia tundu la kibao lenyewe. Boksi lililokaa bondeni hupata unyevu, na unyevu huleta ile kutu ya kijani kwenye miguu ya shaba. (Sisimizi nao wana mapenzi ya ajabu na maboksi yenye joto.) Mswaki mkavu na spiriti kidogo hufanya maajabu.

Kuna hali ya katikati ambayo ni ya kuvutia zaidi: kompyuta inashtuka kwamba kuna kitu kimechomekwa, lakini haielewani nacho. Kwenye Linux, amri ya dmesg itakuonyesha maneno kama "device descriptor read/64, error -71". Tafsiri yake ni kwamba kifaa kimenyoosha mkono, kompyuta ikauliza "wewe nani?", na jibu likaja limevurugika. Kifaa cha USB hujitangaza kwa njia rahisi sana: rezista moja inavuta mmoja wa waya mbili za data kuelekea volti 3.3 hivi. Rezista haihitaji akili, kwa hiyo hata chipu ikiwa imezimia, kompyuta itahisi kuna mtu mlangoni. Kosa la -71 basi linakuelekeza kwenye waya mbovu au mrefu mno, lehemu iliyoachia, au chipu isiyotembea kwa kasi yake sahihi. Hili la mwisho tutalirudia.

Tuchukulie sasa kompyuta imekitambua kifaa lakini programu ya Arduino haioni poti. Hapo ni draiva au ruhusa. Kwenye Windows, alama ya njano pembeni ya jina la kifaa inamaanisha draiva haipo. Kwenye Linux draiva ya CH340 huja na mfumo wenyewe, ila mtumiaji wako awe kwenye kundi la dialout, la sivyo utapata "permission denied". Na kama unatumia Ubuntu 22.04 ujue kioja hiki: mfumo huo unakuja na programu iitwayo brltty, ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia namba ileile ya 1a86:7523. Basi brltty ikiona Nano yako inadhani ni chake, inakikamata, na poti inatokea sekunde moja kisha inapotea. Kama wewe hutumii kifaa cha nukta nundu, iondoe brltty na uchomeke upya. Kifaa hakikuwa na kosa lolote.

Wakati mwingine draiva yenyewe ndo adui. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu nyingine maarufu ya USB, ilitoa draiva ambayo ilipokutana na chipu bandia iliifutia namba yake ya utambulisho na kuiweka sifuri. Ilisambaa kupitia masasisho ya kawaida ya Windows, na vibao vya watu ambao hawakujua wamenunua feki vikaacha kutambulika ghafla. Lilizua makelele makubwa. Sisi tunaonunua vibao bila kujua chipu imetoka wapi tuna sababu ya kulikumbuka.

Poti ipo, umeichagua, unapakia, na sasa kosa ni "stk500_getsync() not in sync". Hapa umeshavuka USB. Laptopu inabisha kwenye geti la butiloda na mlinzi haitikii, au anajibu visivyoeleweka. Jambo la kwanza kujaribu halihitaji hata bisibisi: kwenye menyu ya Tools, chini ya Processor, chagua "ATmega328P (Old Bootloader)" badala ya ile ya kawaida. Kuanzia 2018 Nano rasmi zilianza kuja na butiloda mpya inayoongea kwa kasi ya 115200, lakini vibao vingi vya bei nafuu bado vina ile ya zamani ya 57600. Mbili hizi hazisikilizani. Kwa maoni yetu hili peke yake limepeleka Nano nyingi nzima kwenye pipa la taka kuliko radi.

Ikigoma, tazama pini D0 na D1. Hizo ndo njia ambayo maneno ya USB hupita kuingia kwenye maikrokontrola. Kama umeunganisha hapo moduli ya simu au kipima kina kinachotuma data kwa waya huohuo, wawili wanaongea kwa wakati mmoja na hakuna anayesikika. Chomoa, pakia, rudisha. Halafu kuna suala la kubisha kwa wakati: kwa kawaida laptopu huriseti kibao yenyewe kupitia kapasita ndogo, kisha huanza kuongea. Kapasita ikifa au lehemu yake ikiachia, mlinzi haamki. Bonyeza kitufe cha riseti kwa kidole mara tu programu inapoanza kupakia. Jaribu mara tatu nne, maana dirisha ni fupi.

Kuna jaribio moja zuri la kukuambia kama tatizo liko upande wa USB au upande wa maikrokontrola. Unganisha pini ya RESET na GND, ili ATmega328P inyamaze kabisa. Kisha unganisha D0 na D1 kwa kijiwaya. Fungua Serial Monitor, andika neno lolote, tuma. Neno likirudi vilevile, njia nzima kutoka laptopu hadi kwenye CH340 na kurudi ni nzima. Aliyebaki mtuhumiwa ni butiloda au chipu yenyewe. Toa kijiwaya, riseti, tazama taa ya L: butiloda iliyo hai huipepesa kidogo mwanzoni. Isipopepesa, na programu yako haigusi taa hiyo, kuna uwezekano mkubwa butiloda imefutika.

Hapo ndo kinaingia kifaa cha kuchomea programu. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi kwetu ni USBasp, kilichobuniwa na Thomas Fischl wa Ujerumani na kuachwa wazi, yeyote atengeneze. Kinapita njia nyingine: hakimuombi mlinzi ruhusa, kinaingia moja kwa moja kwenye chipu kupitia zile pini sita zilizo mwisho wa Nano. Ila nacho ndani yake kina maikrokontrola, kwa kawaida ATmega8, yenye programu yake. Yaani daktari naye ana mwili. ATmega8 haina sehemu ya USB hata kidogo. Programu yake inaigiza USB ya kasi ndogo, megabiti 1.5 kwa sekunde, kwa kupandisha na kushusha pini mbili kwa wakati uliopimwa, na inategemea kristali ya megahezi 12. Kristali ikigoma, au fyuzi za chipu zikiwa zimewekwa vibaya, muda unayumba, na unapata lile kosa la -71.

USBasp ikiwa nzima, lsusb itaonyesha 16c0:05dc. Kwenye Windows itahitaji draiva, na njia iliyo rahisi ni programu ndogo iitwayo Zadig. Chagua USBasp kwenye orodha, weka libusbK, basi. Angalia sana hapo usichague kipanya au kibodi yako kwa bahati mbaya. Kama programu ya avrdude inasema "could not find USB device", rudi kwenye waya, draiva na ruhusa, kama tulivyofanya kwa Nano. Kuna pia vifaa vinavyouzwa kwa sura ya USBasp lakini ndani vina programu nyingine, na hujitambulisha kwa namba tofauti. Hivyo hakuna draiva itakayovisaidia. Dawa ni kuvichomea programu halisi ya USBasp kwa kutumia kifaa kingine, huku jampa iliyoandikwa JP2 ikiwa imefungwa. Kazi hiyo ifanye Ifakara kabla ya safari, usiifanyie shambani.

Lakini avrdude ikisema "target doesn't answer", furahi kidogo. Maana yake laptopu na USBasp wanaelewana vizuri. Anayekaa kimya ni chipu unayotaka kuichomea. Hapa watu hupoteza saa nzima wakibadilisha draiva ambayo haina kosa.

Sababu ya kwanza ya ukimya huo kwenye boksi kama lako ni ile moduli ya kadi ya SD. Inatumia pini D11, D12 na D13, na USBasp nayo inaingilia pini hizohizo. Moduli nyingi za bei nafuu haziachii waya wa data hata zikiambiwa zinyamaze, kwa hiyo chipu inajibu na moduli inamfunika mdomo. Ichomoe moduli nzima. Na ndo maana tulikutoa kadi mapema: USBasp kwa kawaida inatuma volti 5, kadi ya SD ni ya volti 3.3, na usingependa kujua kama moduli yako inailinda kadi kwa kuijaribu na vipimo vya miezi mitatu.

Sababu ya pili ni kasi. ATmega328P mpya kutoka kiwandani inatembea kwa megahezi 1 tu, na kifaa cha kuchomea lazima kiongee nayo kwa chini ya robo ya kasi hiyo, yaani chini ya kilohezi 250. USBasp huanza na 375. Ongeza -B 10 kwenye amri ya avrdude na itashuka. Ukiona onyo la "cannot set sck period", ujue USBasp yako ina programu ya zamani isiyojua kubadilisha kasi kwa amri. Onyo lenyewe halina madhara kama chipu inajibu. Isipojibu, funga jampa ya JP3 ili iongee polepole. Kwenye vibao vingi matundu ya JP3 yapo ila pini hazikuwekwa, kwa hiyo ulehemu kijiwaya.

Chipu ikijibu, usikimbilie kuchoma. Kifaa cha kuchomea hufuta kwanza, na kinapofuta huondoka na EEPROM pia, isipokuwa kama fyuzi ya kuilinda imewekwa. EEPROM ndipo wengi huhifadhi marekebisho ya kipima kina: namba zile ulizozipata kwa kuzamisha fimbo iliyopimwa. Zikipotea, vipimo vyote vijavyo vitakuwa vinaelea. Amri hii inazitoa na kuziweka kwenye faili:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U eeprom:r:eeprom.hex:i

Badilisha r kuwa w baadaye ili kuzirudisha. Na usiguse fyuzi kwa mkono ukiwa shambani. Ukiiambia chipu itegemee saa ya nje ambayo haipo, itanyamaza. Ukiizima pini ya riseti, hata USBasp haitaingia tena.

Sasa kuna uamuzi. Unaweza kubonyeza Burn Bootloader na kumrudisha mlinzi, kisha upakie programu kwa USB kama kawaida. Au utumie Upload Using Programmer, ambayo inaiweka programu yako moja kwa moja bila butiloda. Ukiwa Mofu na mawingu yamejaa upande wa Udzungwa, tungechagua ya pili. Hatua ni moja badala ya mbili, na boksi litaanza kazi papo hapo likiwashwa, bila kusubiri mlinzi achungulie. Hasara yake ni kwamba safari ijayo lazima uje na USBasp tena.

Kama USBasp huna lakini una Arduino Uno ya ziada, ipakie programu ya ArduinoISP iliyo kwenye mifano ya Arduino, kisha weka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno ili isijiriseti katikati ya kazi. Itakuwa kifaa cha kuchomea. Sio haraka, ila inafika.

Mtandao wa Mofu usiutegemee kwa lolote kati ya haya. Weka kwenye flashi: draiva ya CH340, Zadig, avrdude, na Arduino IDE 1.8.19, ambayo inakuja na kila kitu cha Nano ndani yake. Toleo la 2 hupakua sehemu ya vibao vya AVR mtandaoni mara ya kwanza unapoifungua, na hiyo mara ya kwanza isiwe chini ya nguzo. Weka waya wawili uliokwisha kuujaribu kila mmoja kwa data, uufunge utepe wa rangi ili usiuchanganye na wa kuchajia.

Ukimaliza kuchoma, rudisha EEPROM, chomeka moduli, rudisha kadi ikiwa umeme umezimwa, washa, na usubiri mstari wa kwanza uandikwe. Zima, toa kadi, usome mstari huo kwenye laptopu: saa ni sahihi? Kina cha maji kinafanana na fimbo? Kisha rudisha kadi, washa, na ufunge boksi.